Nukta Nyeupe za Kasiani

Nyinyi vijana mnaokuja kunipigia hodi mkiuliza gari lililopata ajali linarudishwaje barabarani, nitawajibu. Nimeshika spana hapa Kilosa tangu sina ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, na sioni faida ya kufa na ninachokijua. Ila mkubali kitu kimoja. Katikati ya majibu yangu atakuwamo Kasiani wa Mikumi, na kila nikimtaja sauti yangu itabadilika. Msishangae. Yule mtu nimemwonea wivu zaidi ya miaka arobaini. Siku nikiamka asubuhi bila huo wivu, nitajua naumwa.

Tuanze na kazi. Gari likigonga, fundi mchanga hukimbilia palipobonyea. Anakuja na nyundo, anapigapiga, anapaka rangi, mwenye gari anafurahi. Huyo hajatengeneza kitu. Nguvu ya ajali inaingia huku na kutokea kule. Likigongwa pua upande wa kushoto, wewe nenda nyuma kulia, lala chini, tazama pale springi inaposhikana na chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Ukiona rangi imepasuka vistari vyembamba, jua chesisi imepinda, hata kama milango yote inafunga vizuri. Halafu chukua timazi, kile kizito chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, lidondoshe kutoka kwenye boliti za chesisi, moja moja, na kila linapogusa chini weka alama ya chaki. Lisogeze gari pembeni. Sasa una picha ya chesisi yako pale sakafuni. Vuta uzi kutoka kona hadi kona, mshazari huu na mshazari ule. Nyuzi zikilingana, shukuru Mungu. Zisipolingana, weka nyundo chini kwanza, una kazi nyingine.

Hayo alitufundisha Mzee Songoro, aliyekuwa fundi kwenye gereji ya shamba la mkonge mpaka shamba lilipokufa, akafungua gereji yake karibu na reli. Alitufundisha wawili. Mimi Omari, mtoto wa Ulaya, na msicheke, ni kijiji chetu hapa Kilosa, Ulaya ya mihogo na baiskeli. Na Kasiani, ambaye babu yake alikuja kukata mkonge kutoka kusini akasahau kurudi. Tulikula sahani moja. Lakini kila ilipofika saa ya kupima chesisi, Mzee alisema maneno yaleyale: "Omari, shika uzi. Kasiani, soma." Mimi nachuchumaa huku nimebana ncha ya uzi kwa kidole gumba, mwenzangu yuko kule na futi, anasoma namba, anaandika ukutani. Sikuwahi kusoma hata mara moja. Siku moja nikauliza, kwa adabu, kwa nini mimi siku zote ni uzi. Mzee akanijibu bila kunitazama, "Mkono wako hautikisiki." Mtu mwingine angelichukua hilo kuwa sifa. Mimi nilikwenda nyuma ya gereji nikapiga teke ringi.

Alipozeeka akagawa vifaa. Mimi nikapata gereji yenyewe, na jeki, na mtungi wa gesi wa kuchomelea. Kasiani akapata timazi la shaba na lile futi. Gereji nzima ilikuwa yangu, na bado usingizi ulinipotea kwa ajili ya kipande cha shaba kinachotosha kwenye kiganja. Ndivyo kijiba cha roho kinavyofanya kazi.

Kasiani akahamia Mikumi, pale lami kubwa inapopita, akajenga sakafu ya saruji. Mimi yangu ilikuwa udongo ulioshindiliwa na mafuta machafu. Ajali za barabara kuu zikaanza kumfuata yeye. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kuona magari ya Kilosa, ya watu tunaosalimiana asubuhi, yanakokotwa na kupitishwa mbele ya geti langu kwenda Mikumi. Safari moja nilikwenda msibani kule. Marehemu nilimfahamu kweli, sisemi uongo, lakini kaburi lilipofukiwa tu nikazunguka nyuma ya gereji ya Kasiani nikachungulia kwenye tundu la bati. Nikamwona analala chini ya gari na kopo dogo la rangi nyeupe na kijiti. Kila boliti aliyokwisha kuikaza aliiweka nukta, ili asiisahau na asiikaze mara mbili. Hata hilo ni la Mzee Songoro. Mimi nilikuwa nimeliacha zamani, nikiona ni mambo ya mtu asiyejiamini. Nikarudi nyumbani na vumbi la makaburini miguuni.

Sasa nije kwa Mama Shani, maana somo lenyewe liko kwake.

Mama Shani ni mjane wa Tindiga. Mume alimwachia watoto wanne na pikapu ya zamani, ile ya springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, mbele na nyuma, inayovuta magurudumu yote manne, ina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Alijifunza kuiendesha mwenyewe, akawa anabeba mpunga na mchele. Pikapu ile niliijua kuanzia kwa marehemu mumewe. Watu wakiuliza nani fundi wake, Mama Shani alisema, "Fundi Omari, nani mwingine." Maneno hayo nilikuwa nayala kama chakula.

Mnajua ugonjwa wetu sisi mafundi wa Kilosa. Pikapu ikiingia gereji, hata imekuja kwa taa tu, tunainyanyua. Tunaongeza majani ya springi, moja mbele, mawili nyuma, inakaa juu. Kwa tope jeusi la Tindiga masika tulikuwa na haki. Gari fupi linakalia tumbo, magurudumu yanazunguka hewani, mnaita ng'ombe waje kuvuta. Lakini baadaye ikawa fasheni. Mteja anainama, akishindwa kuona upande wa pili wa barabara kupitia chini ya gari lake, anasema fundi hajafanya kitu. Na mimi nilikuwa bingwa wa kunyanyua. Hata Ulaya walinijua kwa hilo.

Mwaka mmoja Mama Shani akapata ajali. Alikuwa ng'ambo ya Mikumi, kwenye lami ya kwenda Kidodi, nyuma ya lori la miwa. Mzigo wa miwa ukadondoka mbele yake, akakwepa, pikapu ikapinduka mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Wote tukasema miwa imemponza. Pikapu ikaletwa kwangu juu ya lori, imelala kama mgonjwa.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wangu wote, na hata leo sioni haya kuisimulia. Mshazari mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole vitatu. Nilikuwa nimezika kipande cha reli nyuma ya gereji, nikaifunga pikapu hapo kwa mnyororo na kuivuta kwa winchi. Sikilizeni hapa: chuma kilichopinda hakirudi kwa haraka. Vuta kidogo, acha, kanywe chai. Kikirudi nusu, vuta tena, kizidishe kidogo kupita unapotaka, kwa sababu ukikiachia kitarudi nyuma chenyewe. Msikipashe moto mpaka kiwe chekundu, maana chesisi iliyoiva nyekundu inalegea, na itapinda tena kwenye shimo la kwanza. Nikabadilisha ekseli ya mbele, shokapu zote, nikanyoosha bodi, nikapaka rangi ya bluu ileile. Mwisho, kwa kuwa gari limetoka ajalini, nikasema niikomaze. Nikaongeza jani moja zaidi mbele na mawili nyuma, juu ya yale niliyokuwa nimeongeza zamani.

Ilisimama juu hiyo pikapu. Watu walikuja kuitazama.

Baada ya wiki mbili Mama Shani akapita. "Fundi, kwenye lami inacheza. Nikikaza mwendo inataka kwenda inakotaka yenyewe."

Nikamwambia, "Itazoea."

Nawaomba mlikumbuke neno hilo. Gari halizoei, vijana. Gari ni chuma. Anayezoea ni dereva, na akishazoea ndipo anapokufa. Lakini nilimwambia hivyo nikiwa nafuta mikono, kama daktari anayemfukuza mgonjwa wa kujisingizia. Akasema, "Haya, Fundi," akaondoka.

Miezi ikapita. Siku moja akaniletea pikapu nibadilishe breki za nyuma, akaiacha asubuhi akaenda sokoni. Nikalala chini na taa. Kitu cha kwanza kilichoniingia jichoni ni nukta nyeupe. Moja kwenye boliti ya springi. Ya pili. Nikatambaa kwenda mbele, nukta, nukta, kila mahali, kama upele. Nikahesabu majani: yangu yote yaliyozidi yalikuwa yametolewa, ya zamani na mapya. Bushi za mpira zimebadilishwa. Fimbo ya usukani, ile inayogeuza magurudumu, ambayo kwangu ilikuwa imekaa mshazari kwa sababu ya ule mnyanyuo, sasa ilikuwa imelala sawasawa.

Hilo la fimbo nawafafanulia hapahapa. Ukinyanyua gari na fimbo ya usukani ikabaki na urefu na mahali pake pa zamani, inainama. Ikiinama, kila gurudumu likipanda na kushuka fimbo inasukuma na kuvuta, kwa hiyo usukani unajigeuza bila dereva kutaka. Kwenye tope, mwendo wa ng'ombe, hulisikii. Kwenye lami, mwendo wa basi, unalisikia mara moja tu. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nisiwadanganye kwamba sikujua. Nililijua, ila sikutaka kulikumbuka.

Nikaiwasha nikazunguka nayo mjini, mpaka stesheni na kurudi. Kwenye kipande cha lami nikatoa mikono kwenye usukani. Ikaenda moja kwa moja kama inayojua kwao. Kona ikakata bila kulala. Pikapu ile haikuwahi kutembea vizuri vile tangu marehemu mumewe yuko hai. Fundi mwenye akili angeshuka, angekwenda kumwambia mwenzake ahsante. Mimi niliona giza mchana. Nilijiambia: huyu mama ameniaibisha, amekwenda kwa yule, wa kwangu, gari langu, na wote wawili wakacheka.

Nikaingia kwenye rundo la vyuma chakavu, nikachagua majani, nikayarudisha. Yote. Nilifanya kazi bila kula mpaka alasiri. Nikachukua bisibisi nikakwangua nukta nyeupe, moja baada ya nyingine.

Mama Shani alipokuja akaizunguka pikapu, akaona ilivyosimama. Nikamwambia, "Nimekaza vilivyolegea." Akanitazama kidogo. Akasema kesho yake anapeleka mchele Kidodi. Nami nikaomba lifti, nikasema nina ndugu kule.

Sina ndugu Kidodi. Nilitaka tupite mbele ya gereji ya Kasiani, mimi nimekaa kiti cha mbele, pikapu iko juu, aione.

Na aliiona. Tulipofika Mikumi tukaingia barabara kuu, alikuwa amesimama nje akizungumza na mteja. Akageuka. Hakunitazama mimi, alitazama magurudumu. Akamwacha mteja wake katikati ya maneno, akaanza kutembea haraka kuja barabarani, mkono juu.

Mama Shani akauliza, "Anatuita?"

Nikasema, "Anasalimia tu. Twende."

Nikampungia mkono Kasiani nikitabasamu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nioe.

Mbele kidogo tukakuta lori la miwa. Mama Shani akaliacha mbali, amekuwa mwoga wa malori hayo na ana haki. Lakini lori likafunga breki ghafla kwa ajili ya mtu wa baiskeli, naye akageuza usukani kidogo tu, kiasi cha kukwepa. Pikapu ikalala. Nikausikia ubavu wangu unapanda juu, magurudumu ya kushoto yameacha lami, magunia yanateleza nyuma yetu. Basi lilikuwa linakuja mbele, linapiga honi. Mama Shani hakupiga kelele. Akaurudisha usukani pole pole, kwa bega lake lile bovu, tukaanguka chini kwa kishindo, tukayumba, tukasimama kwenye nyasi, tumetazama tulikotoka.

Akazima injini. Akakaa na mikono yake kwenye usukani.

"Hivi ndivyo ilivyofanya siku ile," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. Siku ya ajali majani yangu ya zamani yalikuwamo. Si miwa iliyompindua mama huyu.

Nikasema, "Mama Shani, majani nimeyarudisha mimi."

"Uliyakuta yametolewa?"

"Ndiyo."

"Ukaiendesha?"

"Niliiendesha. Ilikuwa inakwenda vizuri."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu aliyatoa Kasiani."

Alishika bega lake kwa muda. Nilitamani anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nina watoto wanne, Fundi." Halafu akawasha gari, tukarudi Mikumi kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Kasiani alikuwa bado amesimama palepale nje. Akatufungulia geti, pikapu ikaingia kwenye ile sakafu yake ya saruji. Akampa Mama Shani kiti na maji. Akaja kwangu.

"Nilipunga mkono," akasema.

"Niliona."

"Ulijua nawasimamisha?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na timazi la Mzee Songoro. Shaba ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa. Nilidhani atanifukuza, au ataniambia nikae pembeni nitazame wanaojua. Akafungua uzi, akanisogezea ncha.

"Shika uzi, Omari."

Nikachuchumaa. Mzee mzima, mwenye gereji yangu, nimebana uzi kwa kidole gumba juu ya alama ya chaki. Yeye akaenda kule na futi. Akasoma mshazari wa kwanza, akasoma wa pili. Akarudia. Akaniuliza, "Nani aliinyoosha hii chesisi?"

"Mimi."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa reli na winchi."

Akaandika namba ukutani. Zilikuwa zinalingana. Tukatoa majani pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule, na tulipomaliza akanipa kopo la rangi nyeupe. Niliweka nukta zote mwenyewe.

Tukiwa tunanawa mikono nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanikera, alijuaje kwamba majani ndiyo tatizo. Akasema, "Sikujua. Nilimuuliza anakwenda wapi." Basi. Alimuuliza Mama Shani siku hizi anakwenda wapi na gari, na Mama Shani akamwambia kwamba mpunga wa shambani sasa anabebewa kwa trekta, yeye ana miaka anapeleka mchele Mikumi na Kidodi, na kuanzia Mikumi ni lami tupu. Mzee Songoro alikuwa akituimbia hilo kila siku kabla hatujagusa spana, muulize mwenye gari anakwenda wapi. Mimi nilikuwa namwona Mama Shani kila mwezi. Nilikuwa nimemwekea gari la tope la mashamba ya Tindiga, na kwenye tope lile hakuwa akiendesha tena.

Mama Shani hakurudi kwangu. Tukikutana ananisalimia vizuri, anauliza hali ya nyumbani, na pikapu ile ya bluu inapita geti langu kwenda kutengenezwa Mikumi. Mwaka uliofuata nikafunga gereji. Niliwaambia watu ni magoti.

Siku hizi mashine zenu zinapima magurudumu kwa mwanga, na kompyuta inawaambia lipi limeenda nje. Zitumieni, ni nzuri, ningekuwa nayo ningemringia Kasiani. Lakini hiyo mashine haitamuuliza mteja swali lile, kwa hiyo mlibebe nyinyi.

Nimebaki na pikapu yangu mwenyewe, nzee, nimeinyanyua. Mwezi uliopita niliisikia inagonga mbele nikaipeleka Mikumi. Ndiyo, kwa Kasiani, kwani mlitaka niipeleke wapi? Amezeeka naye, analala chini ya gari kwa kushikwa mkono. Akatoka chini akafuta vumbi, akaniuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote.

"Siku hizi unakwenda wapi na gari hili, Omari?"

Nikafikiri. Shamba nimewaachia watoto. Sokoni nakwenda kwa miguu. Msikiti uko jirani. Nikatafuta jibu lingine sikulipata.

"Nakuja hapa," nikasema.

Akanitazama. Akainama tena, akagusa majani yangu ya springi, moja moja, kwa vidole.

"Kilosa mpaka hapa kwangu ni vumbi na mashimo," akasema. "Basi tusiyaguse. Yamekaa sawa."

Nikaangalia pembeni, nikajifanya natafuta miwani. Miaka yote hiyo nilikuwa nayasubiri maneno hayo kutoka kwa Mzee Songoro, na nikayasikia kutoka kwa yule aliyepewa timazi lake. Akaikaza boliti iliyokuwa inagonga, kisha nikamwona anachovya kijiti kwenye kopo la rangi, anaweka nukta yake nyeupe kwenye boliti yangu, pole pole, mkono unamtetemeka, na wivu ukanirudia palepale.

"Lete," nikamwambia. "Wangu hautikisiki."